NDC Mbili Zisizosalimiana: Nani Anahesabu Moshi wa Chuma Chetu?

Juzi kati nilikuwa natoa mada kwa wenzangu hapa Morogoro kuhusu hewa ukaa inayotoka viwandani. Nilipofika kwenye slaidi ya NDC, mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza akanyoosha mkono: "Samahani dada, hiyo NDC ni ile yenye mradi wa Liganga?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikarudi hosteli sina raha, maana swali lake lilikuwa na uzito kuliko slaidi zangu zote.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na mkanganyiko huu: Tanzania tuna NDC mbili. Ya kwanza ni Shirika la Maendeleo la Taifa, shirika la umma ambalo kwa miaka mingi limebeba mradi wa chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma, wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Ya pili ni ahadi ambayo kila nchi iliyo ndani ya Mkataba wa Paris wa 2015 huipeleka Umoja wa Mataifa, ikieleza itapunguza vipi gesijoto. Tuiite Mchango wa Taifa. Vifupi vya Kiingereza vimegongana tu kwa bahati. Lakini ukikaa ukasoma mipango ya NDC zote mbili, unaona kwamba hazisalimiani. Moja inapanga kutengeneza chuma kwa makaa ya mawe. Nyingine inaahidi kupunguza hewa ukaa bila kuipa sekta ya chuma kazi yoyote.

Hoja ya makala hii ni hiyo hiyo. Mpaka NDC hizi mbili zikae meza moja, hatuna sera ya kupunguza hewa ukaa katika chuma. Tuna mipango miwili ambayo itakuja kukutana siku tanuru linawashwa, na siku hiyo tutakuwa tumechelewa.

Moshi wenyewe unatoka wapi?

Watu wengi wanadhani kiwanda cha chuma kinachafua hewa kwa sababu kinahitaji joto kali. Hiyo ni sehemu tu ya habari. Chuma hakilali ardhini kikiwa chuma. Kinalala kikiwa kimeshikamana na oksijeni, yaani ni kama kutu iliyogeuka jiwe. Kazi ya tanuru ni kuinyang'anya ile oksijeni. Kwa karne nyingi mnyang'anyi amekuwa kaboni. Mababu wa Wahaya kule Kagera walitumia mkaa wa miti katika matanuru ya udongo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kazi ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery iliyochapishwa mwaka 1978 ilionyesha jinsi teknolojia ile ilivyokuwa ya hali ya juu. Viwanda vya leo vinatumia koki, ambayo ni makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa. Kanuni ni ile ile: kaboni inaichukua oksijeni, chuma kinabaki, na kinachotoka juu ni kaboni dayoksaidi.

Sasa shika kalamu tufanye hesabu ya kidato cha nne. Jiwe la Liganga ni la aina ya magnetaiti, ambayo kila atomu tatu za chuma zimeshika atomu nne za oksijeni. Ukiitoa oksijeni yote kwa kaboni, na kaboni yote ikageuka kaboni dayoksaidi, kila tani moja ya chuma itakuachia kama nusu tani ya gesi hiyo. Hapo hujahesabu joto, hujahesabu kuoka koki, hujahesabu umeme wala kusaga mawe. Ukijumlisha yote, njia ya kawaida ya tanuru kubwa la koki inatoa wastani wa tani 2.3 za kaboni dayoksaidi kwa kila tani ya chuma. Njia ya gesi asilia inatoa karibu 1.4. Kuyeyusha chuma chakavu kwa umeme kunatoa karibu 0.7, na sehemu kubwa ya hiyo inategemea umeme wako umetoka wapi.

Kidunia, sekta hii inabeba kati ya asilimia 7 na 9 ya kaboni dayoksaidi inayotokana na shughuli za binadamu. Ndiyo maana wenye sera kote duniani wanahangaika nayo. Na ile nusu tani ya kikemia ndiyo inayowaumiza kichwa, kwa sababu huwezi kuiondoa kwa kufunga taa za bei nafuu au kuziba mabomba yanayovuja. Lazima ubadilishe mnyang'anyi.

NDC ya kwanza: Liganga kwa moto wa Mchuchuma

Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Mgawanyo ulikuwa asilimia 20 kwa shirika letu na 80 kwa mbia. Mpango uliotangazwa ulikuwa na vipande viwili vinavyotegemeana: mgodi wa makaa ya mawe Mchuchuma pamoja na kituo cha kufua umeme cha megawati 600, halafu mgodi na kiwanda cha chuma Liganga, chenye lengo la kuzalisha tani milioni moja kwa mwaka, pamoja na titaniamu na vanadiamu zilizomo ndani ya jiwe lile lile. Uwekezaji ulitajwa kuwa dola bilioni 3.

Miaka ikapita. Kukawa na mvutano juu ya vivutio vya uwekezaji, zikaja sheria za mwaka 2017 za kupitia upya mikataba ya maliasili, na wananchi wa Ludewa wakakaa wakisubiri fidia. Mwaka 2023 Serikali ikaanza kulipa, zaidi ya shilingi bilioni 15 kwa walioguswa na mradi katika maeneo kama Mundindi na Nkomang'ombe. Mpaka naandika hapa, hakuna nondo hata moja iliyotoka Liganga.

Tuuchukue mpango ule kama ulivyotangazwa, tuuhesabu. Kituo cha makaa ya mawe cha megawati 600, kikifanya kazi kwa robo tatu ya uwezo wake, kinazalisha karibu uniti bilioni 4 kwa mwaka. Kila uniti ya makaa ya mawe inakuja na karibu kilo 0.9 ya kaboni dayoksaidi. Hapo ni tani milioni 3.5. Ongeza tani milioni moja za chuma kwa wastani wa 2.3, unapata kati ya tani milioni 5 na 6 kila mwaka. Ni hesabu yangu ya karatasi, na mhandisi wa mradi anaweza kuisogeza huku au kule, lakini hawezi kuifuta.

Tani milioni 5 ni kitu gani? Hebu tuipime kwa kitu tunachokiona kila siku. Msitu mchanga unaokua vizuri katika nchi za joto tuseme unafyonza tani 10 za kaboni dayoksaidi kwa hekta kwa mwaka. Nimeuonea huruma nikaupa namba nzuri. Utahitaji hekta 500,000 za msitu mpya, unaokua, usiochomwa moto, usiokatwa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, ule mlima mzima unaotutazama hapa mjini, ni hekta 24,000 na kidogo. Yaani Uluguru mara ishirini, ipandwe upya, ili kufuta moshi wa mradi mmoja.

NDC ya pili: miti inahesabiwa, tanuru halipo

Sasa tuugeukie Mchango wa Taifa wa 2021. Kwanza tutoe sifa inapostahili. Waraka ule una namba: unaahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote, sawa na tani milioni 138 hadi 153. Kwa nchi ambayo mchango wake katika kuchafua anga la dunia ni mdogo sana, hiyo ni ahadi ya kujitoa.

Lakini kazi ya kupunguza imegawiwa sekta nne: nishati, uchukuzi, misitu na taka. Viwanda, kwa maana ya hewa ukaa inayotokana na mchakato wenyewe wa kikemia, havimo kwenye orodha. Ile nusu tani yetu ya magnetaiti haina nyumba. Wizara ya nishati itasema hiyo ni ya kiwandani. Watu wa misitu wana mambo yao. Watu wa taka ndiyo kabisa.

Ninaelewa kwa nini ilikuwa hivyo. Ahadi hizi zinajengwa juu ya hesabu ya gesijoto ya nchi, na hesabu inaonyesha kilichopo. Tanzania haina kiwanda kikubwa kinachotoa chuma kwenye jiwe, kwa hiyo mstari wa chuma ni mwembamba. Reli na vyuma vingi vya miradi yetu mikubwa vimekuja kwa meli, na moshi wake umeandikwa kwenye daftari la nchi iliyovitengeneza. Kwa mhesabu, chuma ni kisafi kwa sababu kilichafua kwa jirani.

Hapo ndipo ninapokosoa. Ahadi ya tabianchi inatakiwa itazame mbele. Serikali hiyo hiyo iliyoandika waraka wa 2021 ilikuwa inautaja mradi wa Liganga na Mchuchuma kama mradi wa kielelezo katika mipango yake ya maendeleo. Huwezi kusema hukujua kwamba tanuru linakuja. Mradi upo kwenye kitabu cha maendeleo, haupo kwenye kitabu cha hewa, na vitabu vyote viwili vimepigwa mhuri na nchi moja.

Kwa sisi wa Morogoro jambo hili lina uchungu wa pekee. Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni kipo hapa hapa, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mwaka 2022 zikatoka kanuni za biashara ya kaboni, na tangu hapo kila kona ni semina ya kaboni. Ukitaja kaboni mjini hapa mtu anakuuliza una heka ngapi za msitu. Tumekuwa hodari wa kupima kipenyo cha mti usawa wa kifua. Ni kazi nzuri, na wapo rafiki zangu wanaoifanya kwa jasho. Ila tumezalisha kizazi cha wataalamu ambao kwao kaboni ni kitu kinachoota. Kaboni inayotoka kwenye bomba la kiwanda tumewaachia wahandisi, na wahandisi wanasema hiyo ni ya watu wa mazingira.

Dawa tunayoiga: hidrojeni

Nisije nikaonekana nawasema wakubwa tu. Sisi wanafunzi wa uzamili nasi tuna kosa letu, na mimi ni wa kwanza kukiri. Tukialikwa kuzungumzia chuma na tabianchi, tunafungua slaidi ya Sweden. Kampuni za SSAB, LKAB na Vattenfall, mradi wa HYBRIT, mji wa Luleå, na mwaka 2021 chuma cha kwanza kisichotumia makaa ya mawe kikapelekwa Volvo. Mnyang'anyi wa oksijeni pale ni hidrojeni, na kinachotoka ni mvuke wa maji. Tunapiga makofi. Siku hizi tunaongeza na slaidi ya Namibia, ambako mradi wa HyIron unajaribu jambo hilo hilo kwa umeme wa jua wa jangwani.

Sayansi yake ni nzuri kweli. Sasa ilete kwenye hesabu ya Tanzania. Kuinyang'anya oksijeni tani moja ya chuma cha magnetaiti kunahitaji takriban kilo 50 za hidrojeni. Kutengeneza kilo moja ya hidrojeni kwa kupasua maji kunakula karibu uniti 50 za umeme. Hapo tayari ni uniti 2,500. Ongeza kuandaa jiwe, kulipasha joto na kuyeyusha, tuseme uniti 1,000 nyingine. Jumla uniti 3,500 kwa tani. Kwa tani milioni moja za Liganga, unahitaji uniti bilioni 3.5 kila mwaka.

Bwawa la Julius Nyerere, pale Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, limesanifiwa kuzalisha karibu uniti bilioni 6 kwa mwaka wa kawaida. Kwa hiyo kiwanda kimoja kitakula zaidi ya nusu ya bwawa ambalo nchi nzima imelisubiri kwa miaka. Nani atakwenda kumwambia mama mwenye saluni Kihonda kwamba umeme upo lakini umekwenda Ludewa kunyang'anya oksijeni? Atakushangaa, na ana haki.

Kuna jambo la pili ambalo slaidi ya Sweden hailisemi. Jiwe la Liganga lina titaniamu. Katika tanuru la koki, titaniamu inafanya mabaki yaliyoyeyuka yawe mazito kama ugali ulioungua, hayatiririki vizuri. Mawe ya namna hii yanatengenezwa sehemu chache duniani: Panzhihua kule Sichuan, Glenbrook nchini New Zealand, na Afrika Kusini walikuwa na Highveld. Tena jiwe lenye titaniamu ni bishi kidogo kuachia oksijeni yake hata ukiliwekea gesi. Kwa hiyo ndugu zetu wa kujifunza kwao zaidi ni hao wenye jiwe kama letu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, kwa mfano, wamekuwa wakijaribu hidrojeni kwenye mchanga wa chuma wa New Zealand, ambao ni binamu wa jiwe la Liganga. Je, ni wangapi kati yetu tumewahi kusoma kazi yao? Sweden tunaijua kwa moyo.

Chuma kisafi tulichonacho tunakiita taka

Wakati tunaota hidrojeni, chuma chenye hewa ukaa kidogo kinapita mlangoni kwetu kila asubuhi. Ni yule kijana mwenye mkokoteni na mizani ya kuning'iniza, anayepita mitaa ya Mji Mpya na Chamwino akiita vyuma chakavu. Anachukua fremu ya baiskeli, jiko bovu, gia ya Fuso. Vinakwenda kwa mnunuzi, vinapakiwa lori, vinafika kwenye viwanda vya Dar es Salaam na Pwani vinavyoyeyusha kwa umeme na kutoa nondo. Sehemu ya nondo zinazojenga nyumba zetu imetoka huko.

Kuyeyusha tani moja ya chakavu kunahitaji kama uniti 500 hadi 600. Linganisha na zile 3,500. Oksijeni ilishanyang'anywa zamani, kwenye tanuru la mtu mwingine. Wewe unalipia kuyeyusha tu. Na kwa kuwa gridi yetu inaendeshwa kwa maji na gesi asilia bila kituo cha makaa ya mawe, kila bwawa linapoongeza uniti, nondo ya chakavu inazidi kuwa safi. Hakuna waziri aliyekata utepe kwa ajili ya jambo hili. Limejijenga lenyewe kwa mikokoteni.

Sheria inamwonaje kijana yule? Vyuma chakavu vinasimamiwa chini ya kanuni za taka hatarishi. Mkusanyaji, msafirishaji na muuzaji wote wanatakiwa kuwa na vibali. Ninaelewa hofu iliyopo: kuna wezi wa mifuniko ya mitaro, alama za barabarani na nyaya za umeme, na kuna chakavu chenye mafuta, betri au mitungi iliyozibwa ambayo ikiingia kwenye tanuru inaweza kulipuka. Wenzetu Kenya, Januari 2022, walisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, wakaja kuiruhusu tena miezi michache baadaye. Lakini angalia mtazamo. Katika sera zetu chakavu ni suala la polisi na la taka. Hakuna mahali kinapotajwa kama malighafi ya tabianchi, wakati kila tani yake inayoyeyushwa badala ya jiwe inaokoa zaidi ya tani moja na nusu ya kaboni dayoksaidi.

Nisikiuze chakavu kupita kiasi. Kina mipaka miwili ya kweli. Wa kwanza ni kiasi. Nondo iliyoingia kwenye ghorofa leo haitarudi sokoni mpaka ghorofa lile libomolewe, labda wajukuu zetu ndio watakaoiona. Nchi inayojenga kwa kasi haiwezi kuishi kwa chakavu peke yake, kwa sababu haijawahi kuwa na chuma kingi cha kuchakaa. Wa pili ni shaba. Mota za umeme na nyaya zikichanganyika na chuma, shaba inaingia kwenye nondo na haitoki kwa njia ya kawaida ya kuyeyusha. Ikizidi, chuma kinapasuka wakati wa kukunjwa kikiwa cha moto. Kwa hiyo kijana wa mkokoteni anayejua kutenganisha shaba na chuma anafanya kazi ya kimetalajia, ingawa kwenye karatasi anatambulika kama mshika taka.

Tusitishane na Ulaya

Hoja moja inayotajwa sana siku hizi ni ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya. Ulianza kwa kipindi cha kutoa taarifa tu Oktoba 2023, na hatua kamili ikapangwa kuanzia Januari 2026. Lengo ni chuma kinachoingia Ulaya kilipiwe kulingana na hewa ukaa yake. Kwenye mijadala tunaambiwa: Liganga ikichafua, Ulaya watatufungia.

Kusema ukweli, hoja hii ni dhaifu kwa Liganga. Soko la asili la chuma kile ni hapa nyumbani na kwa majirani: reli, madaraja, mabati, nondo za Lubumbashi na Lilongwe. Ukimtisha mpangaji wa Ludewa kwa Ulaya atakujibu, kwa haki, kwamba hauzi Ulaya. Sababu ya kulijenga tanuru vizuri iko karibu zaidi. Kiwanda cha chuma kinaishi miaka arobaini au zaidi. Kikijengwa kwa makaa ya mawe leo, watakaokibadilisha ni watoto wa waliolipwa fidia, na watalipia wao.

New Zealand wanatufundisha hapo. Glenbrook ilijengwa juu ya makaa ya mawe. Mwaka 2023 serikali yao ilikubali kutoa hadi dola milioni 140 za nchi hiyo kuisaidia kampuni iweke tanuru la umeme la kuyeyusha chakavu, ili kuokoa tani 800,000 kwa mwaka, karibu asilimia 1 ya hewa ukaa ya nchi nzima. Hiyo ndiyo bei ya kubadilisha nusu ya kiwanda kilichokwisha kujengwa. Sisi bado hatujajenga. Samaki mkunje angali mbichi.

Ningeomba nini?

Kwanza, sekta ya viwanda iingie kwenye Mchango wa Taifa, na Liganga itajwe kwa jina pamoja na makadirio ya hewa ukaa yake. Ahadi hizi zinaandikwa upya kila miaka mitano, kwa hiyo mlango haujafungwa. Kutaja hakuna maana ya kuzuia. Nchi ina haki ya kutengeneza chuma chake, na asiyetaka tuwe na chuma aje atujengee reli kwa mianzi. Kutaja kunamaanisha kwamba mtu fulani atawajibika kwa namba.

Pili, kipande cha megawati 600 za makaa ya mawe kipitiwe upya. Mwaka 2011 kilikuwa na mantiki, maana umeme ulikuwa haba. Tangu Bwawa la Nyerere liingie kwenye gridi, mantiki ile imebadilika. Kukitoa kipande hicho peke yake kunaondoa zaidi ya nusu ya ile hesabu ya tani milioni 5 hadi 6, bila kugusa kemia ya jiwe.

Tatu, njia ya gesi asilia ijaribiwe kwa jiwe la Liganga kwa vipimo vya maabara, na matokeo yawekwe wazi. Gesi ya Mnazi Bay iko Mtwara, na reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imepangwa kuwa na matawi ya Liganga na Mchuchuma. Hapa kuna mgogoro ambao hauwezi kufichwa: kama jiwe litafuata gesi Mtwara, ajira za kiwandani zitalifuata, na Ludewa itabaki na shimo. Waliosubiri zaidi ya miaka kumi wana haki ya kuulizwa kabla uamuzi haujafanyika. Sera ya tabianchi inayowaruka watu wa Mundindi itakataliwa Mundindi, na itastahili.

Nne, chakavu kitenganishwe na taka hatarishi pale ambapo hakina hatari, kiwekewe madaraja ya ubora, na Serikali itumie mfuko wake. Mnunuzi mkubwa wa chuma nchini ni miradi ya umma. Zabuni ya daraja ikimtaka muuzaji wa nondo aeleze chuma chake kimetengenezwa kwa njia gani na kwa umeme upi, viwanda vyetu vya chakavu vitapata alama ambazo leo hawapewi, na itagharimu karatasi tu.

Na sisi wa hapa Morogoro? Kituo cha kuhesabu kaboni tunacho, wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu tunao kibao, chakavu kinapita mlangoni. Hakuna anayetuzuia kupima ni tani ngapi zinatoka mjini hapa kwa mwezi, zina shaba kiasi gani, na zinaishia wapi. Ni utafiti wa mizani, daftari na nauli ya bajaji.

Yule mdogo wetu nilimjibu vibaya siku ile. Nilimwambia, "Hapana, hiyo ni NDC nyingine," nikaendelea na slaidi. Akiuliza tena nitamwambia akae, tuzifungue zote mbili kwa pamoja.